Kielelezo Namba Moja cha Mdaiwa

Leo nimetolewa nishai mbele ya baraza la ardhi, na nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na Frank, maana Frank anaongeza chumvi.

(Baraza lenyewe lilikuwa bwalo la shule. Meza ya mwenyekiti ni ile ya kugawia maharage. Nishai ilikuwa halisi.)

Naandika kwa simu ya dada. Amenipa saa moja, kisha amekaa mlangoni anacheka peke yake, kwa hiyo mama ameshamsimulia. Sawa. Na mimi nasimulia, ili angalau kumbukumbu zikae vizuri.

Kwa wasionijua, naitwa Devota, niko kidato cha tano, nasoma Historia, Jiografia na Lugha. Shule iko juu ya mji wa Moshi, pale mlima unapoanza kukukata pumzi. Sisi tunakaa bondeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la miwa, ambako baba ni fundi wa kuchomelea kiwandani. Alikuja kutoka Kasulu akiwa kijana, akaahidi kwao kwamba atarudi baada ya miaka miwili. Mimi ni ushahidi kwamba hakurudi.

Shuleni kuna programu ya sheria kila Jumamosi. Hatusomi sheria ya chuo kikuu, tunaonjeshwa tu: mkataba ni nini, shahidi anaulizwaje, kwa nini "nilisikia watu wanasema" si ushahidi. Siku ya kwanza tulijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Tulipofika kwenye sheria ya ardhi tulibaki kumi na wanne, na mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa.

Nilikuwa mbele kwa sababu ya mwalimu wetu. Tunamwita Wakili, ingawa jina lake ni Ndealilia. Ana ofisi mjini, anapanda kuja kwetu kila wiki bila kulazimishwa na mtu, na viatu vyake vimeliwa kisigino upande mmoja kwa kutembea mahakamani. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Anauliza swali, halafu ananyamaza. Ule ukimya wake unaweza kukufanya ukiri makosa ya darasa la pili. Siku moja mwalimu wa nidhamu aliingia darasani kumchukua mwenzetu kwa kosa la kuvunja kioo. Wakili akauliza kwa upole ni nani aliyemwona. Mwalimu akasema kila mtu anajua. Wakili akauliza huyo kila mtu anaitwa nani, akanyamaza. Tulisikia kuku wa jikoni. Mwalimu akasema anakwenda kuulizia kidogo, na mpaka leo hajarudi.

Siku ile nilijua nataka kuwa nini. Ilikuwa rahisi hivyo.

Sasa sikilizeni kilichokuwa mezani. Wakili alitangaza kwamba likizo ya Juni atamchukua mwanafunzi mmoja akakae ofisini kwake mwezi mzima. Mmoja tu. Atabeba mafaili, atasoma kesi za kweli, ataingia mahakamani na kukaa nyuma yake. Angechaguliwa leo, kwenye kesi ya mfano mbele ya wazazi. Niliitaka ile nafasi kuliko kitu chochote tangu nizaliwe. Kwetu kwenye nyumba za kampuni, mahakama ni mahali unapokwenda ukiitwa, ukiwa umekunja kofia mkononi. Nilitaka mtu mmoja wa kwetu aingie kwa mlango uleule akiwa na faili.

(Na nilishawaambia majirani wote kwamba nimeipata. Hilo ni kosa la kwanza, liandikeni.)

Mpinzani wangu alikuwa Haika. Kwao ni juu zaidi ya shule, Walutheri wa kahawa na ng'ombe wawili wa maziwa, na kila asubuhi anakuja darasani akiwa ameshakata majani ya ng'ombe. Anaongea polepole mpaka unatamani kumsaidia kumalizia sentensi. Anapiga mistari kwa rula hata kwenye karatasi yenye mistari. Nilimhesabu kuwa si tishio. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya watu, na Frank anao ushahidi.

Kesi ilikuwa ya mpaka. Huku mlimani ardhi ya ukoo inaitwa kihamba, na ndani ya kihamba mna migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya mababu, vyote pamoja. Kati ya kihamba na kihamba hupandwa mstari wa masale, ile mimea yenye majani marefu membamba. Isale moja, masale mengi. Mdai alikuwa analalamika kwamba alipolazwa hospitali, jirani yake aling'oa masale ya mpakani akayapanda upya hatua mbili ndani ya kihamba chake. Haika alikuwa wakili wa mdai. Mimi wakili wa mdaiwa. Na mdaiwa wangu alikuwa huyo Frank, mwanafunzi mwenzetu, mzaliwa wa Machame, aliyekubali kuigiza kwa sharti kwamba asipewe maneno mengi.

Mdai aliyepangwa alikuwa pia mwanafunzi, lakini Alhamisi malaria ikamlaza. Wakili akamwomba Mzee Elifuraha, ambaye kihamba chake kinapakana na shule, asaidie kuigiza. Akapewa karatasi yenye maelezo ya kesi aisome nyumbani. Aliisoma vizuri mno. Kufikia Ijumaa jioni alikuwa na hasira za kweli na akamuuliza mlinzi wa shule huyo mdaiwa anakaa wapi.

Hoja yangu ilikuwa nzuri. (Nilidhani.) Kama masale ya pale mpakani ni ya zamani, basi hayakupandwa juzi. Kama hayakupandwa juzi, mteja wangu hakuyahamisha. Nilichohitaji ni jani moja refu lililokomaa, mzee alitazame, akubali kwamba ni la isale lililokaa miaka mingi, mimi nikae chini huku watu wakipiga makofi.

Tatizo ni kwamba Wakili alitufundisha mambo mawili mpaka tukayachoka. La kwanza, usimuulize shahidi swali ambalo hujui atajibu nini. La pili, kielelezo chako mwonyeshe mwenzako siku tatu kabla, kwa sababu barazani hakuna kuviziana. Haika aliniletea vyake Jumatano, kwenye bahasha, vimepigwa namba: ramani ya kihamba na barua ya hospitali. Mimi nikamwambia sina kielelezo chochote. Uongo. Nilitaka nikitoe ghafla, mbele ya watu, nione sura yake. Na kwa kuwa sikumwonyesha mtu, hakukuwa na mtu wa kuniambia nilichokuwa nimebeba.

Asubuhi baba alinileta na pikipiki, akanishusha njia panda kwa sababu anawahi zamu. Nikapanda kwa mguu. Mawe yote ya kando ya njia yalikuwa yamepakwa chokaa jana kwa ajili ya wageni, mengine bado mabichi. Nyuma ya mawe kulikuwa na mstari wa masale, yamestawi kweli. Sikujiuliza ni ya nani. Kitu kikiota karibu na shule unadhani ni cha shule. Nikatoa wembe wa kuchongea penseli, nikakata kilele kizima, nikachagua jani refu kuliko yote, mengine nikayapanga pembeni ya njia vizuri. (Mimi ni mstaarabu.)

Lile jani likawa refu kuliko faili langu. Nikilikunja, linachomoka. Basi nikalifunga fundo katikati, likatulia, nikalilaza kati ya karatasi na kujisifu kwa ubunifu.

Saa nne bwalo lilikuwa limejaa. Upande wa kulia walikaa wazazi wa mlimani, wazee wenye kofia na kina mama wenye shali. Upande wa kushoto walikaa wa kwetu wa bondeni, na katikati yao mama yangu na wenzake watatu wa kwaya, wamevaa vitenge vya sare kana kwamba wanakwenda kuimba. Mama alinipungia mkono. Wakili alikaa kwenye meza ya maharage kama mwenyekiti wa baraza, na sisi tukasimama kusema majina yetu na tunamwakilisha nani.

Haika akaanza na shahidi wake, Mzee Elifuraha. Nikiri: alikuwa mzuri, na nilianza kupata wasiwasi. Ule upolepole wake ambao darasani unachosha, kwenye kumhoji mzee ulikuwa dawa. Alimwacha mzee amalize kila sentensi. Alimwuliza aliamkaje siku aliporudi kutoka hospitali, alipita wapi, aliona nini kwanza. Mzee akaeleza kwamba alihesabu migomba ya mpakani akakuta imepungua mitatu. Alisema vile mpaka nikaiona hiyo migomba, na haipo, tumeitunga sisi darasani. Mama mmoja wa upande wa mlimani alitikisa kichwa akamtazama Frank kwa jicho baya. Frank akasogeza kiti nyuma.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikanyoosha sketi. Nikamwambia Mheshimiwa Mwenyekiti kwamba upande wa mdaiwa unacho kielelezo. Haika akageuka. Wakili akanitazama juu ya miwani, akauliza kama upande wa pili umeshakiona. Nikajibu kwamba ni kidogo tu, hakina madhara. Akanyamaza. Nikauona ule ukimya, nikaujua, na bado nikaendelea! Nikatoa jani.

Sasa jamani, mimi nimelelewa. Kwa mama yangu, mtoto wa kike hampi mzee kitu akiwa amesimama kama nguzo, na mama alikuwa palepale na kwaya yake. Kwa hiyo nilimsogelea Mzee Elifuraha, nikapiga goti, nikalishika lile jani kwa mikono miwili, fundo likiwa juu, nikainamisha kichwa. Nikatumia ile lugha ya barazani niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo:

"Shikamoo, mzee wangu. Kwa heshima kubwa, naomba ulipokee hili."

Hakuitikia marahaba. Alilitazama jani. Akalitazama fundo. Akanitazama mimi pale chini. Kisha akavua kofia, akasimama taratibu, na nyuma yangu nikasikia upande mzima wa mlimani umetulia tuli. Upande wa bondeni waliendelea kutafuna karanga.

Mzee akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimepokea," akasema, na macho yake yalikuwa na machozi. "Jambo hili limeniuma sana, mjukuu wangu. Lakini mmekuja vizuri. Nimemsamehe."

Makofi. Wazee wa upande wa kulia wakawa wanapeana mikono. Yule mama wa jicho baya akamwinamishia Frank kichwa kwa upendo kabisa. Wa bondeni walipoona wenzao wanapiga makofi, nao wakapiga. Na mama yangu mzazi, akidhani kwamba mwanawe ameshinda kesi, akapiga kigelegele kirefu, na kwaya ikamwitikia.

Mimi nikatabasamu. (Nilitabasamu! Kuna picha.) Nikageuka kumtazama mteja wangu ili tufurahi pamoja, nikamkuta Frank amejishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Devota," akaninong'oneza, "umesema nimeiba."

Nikamwambia sijasema neno kama hilo. Ndipo akanieleza, kwa haraka, meno yakiwa yamebana. Jani la isale lililofungwa fundo, ukampelekea uliyemkosea, ukalitoa kwa mikono miwili, hiyo ndiyo namna ya kuomba msamaha huku mlimani tangu enzi za mababu. Likishaletwa halikataliwi, hata kama kosa ni kubwa namna gani. Na hakuna anayepeleka isale kwa kosa ambalo hakulitenda. Kwa hiyo mimi, wakili wake, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya baraza na kukiri kila kitu kwa niaba yake. Na nimeshukuriwa.

Nimeishi chini ya mlima huu maisha yangu yote, nimesoma kwamba masale ni mpaka, nimeandika insha nikapata alama nzuri, na jambo ambalo kila bibi wa upande wa kulia analijua mimi silijui. Nikaiona ile nafasi ya Juni inaondoka. Wakili alikuwa ananitazama. Hakusema kitu. Nusura nikiri na mambo ya darasa la pili.

Hapo Haika akasimama.

Fikirieni nafasi aliyokuwa nayo. Kesi imekwisha, ameshinda bila jasho, mpinzani wake kajichinja mwenyewe. Alichotakiwa ni kusema asante na kukaa. Mimi ningesema asante. Ningeisema mara mbili.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, polepole vilevile, "naomba mzee alirudishe isale."

Bwalo likaguna. Mzee Elifuraha akalikumbatia jani kifuani kama anaporwa. Akasema, bila kungoja ruhusa ya mwenyekiti, kwamba yeye ni mtu mzima na anajua taratibu.

"Isale halikataliwi, mjukuu wangu. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua."

"Ni kweli, babu, halikataliwi," Haika akajibu. "Lakini hili bado halijatumwa na mtu."

Kisha akamgeukia Wakili na kuongea bila karatasi. Hakuharakisha hata neno moja. Alisema isale hutumwa na mkosaji, na baraza bado halijasema nani ni mkosaji. Alisema wakili anaongea kwa maelekezo ya mteja wake, na mteja, kama baraza linavyoona, amejishika kichwa. (Watu wote wakageuka kumtazama Frank. Akashusha mikono.) Alisema mimi nilileta jani kuonyesha mpaka, na fundo nililifunga bila kujua maana yake, kwa sababu sikukulia kwenye kihamba.

"Mtu akiomba msamaha bila kujua kwamba anaomba, huo si msamaha wa kupokea," akasema. "Mimi sitaki kushinda hivyo. Mteja wangu anastahili kupewa haki yake baada ya mdaiwa kusikilizwa."

Akakaa, akanyoosha rula yake.

Kwa sekunde kadhaa nilisahau kwamba mimi ni upande wa pili. Nilitaka kupiga makofi. Nimesema darasani mara ngapi kwamba nitakuwa wakili mkubwa? Nikawa nimesimama pale nimeloa jasho, natetewa na mtu niliyemdanganya Jumatano, tena ananitetea vizuri kuliko nilivyomtetea mteja wangu. Niliona aibu, na ndani ya aibu nilimpenda yule msichana.

Wakili aliandika kwa muda mrefu. Kisha akaamua kwamba jani lirudi kwangu, ukiri ule usihesabiwe, na kesi iendelee. Mzee alinirudishia kwa shingo upande. Wakili akaniuliza kama bado nina swali kwa shahidi.

Mtu mwenye akili angesema hapana.

Mimi nikafikiri: nimepewa nafasi ya pili, kielelezo ninacho, hoja yangu ni nzuri. Nikalinyanyua jani, safari hii kwa mkono mmoja, nimesimama wima, kusiwe na utata wowote. Nikamwuliza shahidi kama analitambua.

"Nalitambua," akasema Mzee Elifuraha. "Ni la kwangu."

Nikamsahihisha kwa adabu kwamba namaanisha kama anautambua mmea. Akasema mmea anautambua, na jani pia analitambua. Nikauliza (mbona sikunyamaza?) anawezaje kulitambua jani moja kati ya majani yote ya mlima huu.

Akaomba kulishika. Akalielekeza dirishani, akanionyesha kwa ukucha madoa meupe kwenye shina la jani. Chokaa. Akaeleza baraza kwamba jana vijana wa shule walipopaka mawe ya njiani walimrushia chokaa kwenye masale yake ya mpakani, akawasemesha, wakaomba radhi. Leo asubuhi akija hapa kutoa ushahidi, akakuta isale moja limekatwa kilele, na majani yake yamepangwa kando ya njia vizuri sana. Alikuwa anajiuliza ni mtu gani mstaarabu hivyo.

Watu walianza kucheka kidogo kidogo. Wakili akashusha miwani na kutazama sketi yangu. Na mimi nikaitazama. Kwenye pindo, upande wa kulia, kulikuwa na chokaa.

Kwa hiyo tuweke sawa. Mteja wangu alishtakiwa kwa kuharibu masale ya mpaka. Mimi nilikuja kumtetea nikiwa nimeharibu masale ya mpaka, ya mdai huyohuyo, asubuhi hiyohiyo, na ushahidi nimeuleta mwenyewe kwenye faili.

Wakili hakuhitaji kuuliza.

Nilibaki na jani mkononi, lina fundo lake. Sikuwa na swali tena, wala hoja, wala pa kujificha. Nikamsogelea Mzee Elifuraha, nikapiga goti, la kweli sasa, nikalishika kwa mikono miwili. Nikamwambia ni mimi niliyekata, sikujua ni lake, na sikuuliza kwa sababu nilitaka kushinda. Nikamwomba anisamehe.

Mzee alimtazama Haika kwanza. Bwalo zima likamtazama Haika.

Haika akainuka nusu, kama Wakili alivyotufundisha.

"Upande wa mdai hauna pingamizi, Mheshimiwa."

Jamani. Lile bwalo lilipasuka. Wazee walicheka mpaka kofia zikaanguka, kina mama wa kwaya walicheka bila kujua kwa nini, mpaka jirani mmoja mwenye shali akawaelezea, wakacheka upya kuanzia mwanzo. Mama yangu alijifunika kitenge usoni. Wakili, ambaye sijawahi kumwona akionyesha meno barazani, aliinama chini ya meza ya maharage akidai kalamu imeanguka. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Mzee Elifuraha akapokea isale, akaniinua kwa mkono, na safari hii akaitikia ile shikamoo ya mwanzo.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Likizo uje nikuonyeshe yanavyopandwa."

Kesi iliendelea, eti. Haika alimhoji Frank kwa maswali kumi na moja. Frank alijitahidi mpaka swali la nne, akasema labda aliyahamisha kidogo. Mpaka ukarudi kwa mzee, ambaye alipeana mkono na kila mtu kama aliyerudishiwa ardhi kweli.

Na nafasi ya Juni ikaenda kwa Haika. Wakili alipotangaza hakuelezea sababu, na hakuna aliyeuliza. Mimi niliumia, sitadanganya tena wiki hii. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia dakika tano hivi, kuku wakinitazama. Wakili akanikuta huko. Hakunibembeleza. Aliniambia kwamba kosa langu halikuwa kutojua mila za watu, hilo ni la kujifunza tu, hata yeye mwaka wake wa kwanza alitia aibu mahakamani kuliko mimi (hakutaka kusema alifanya nini, na nitachunguza). Kosa langu lilikuwa kumficha mwenzangu jani. Ningemwonyesha Haika Jumatano, angenieleza kila kitu bure. Nikajua kwamba ni kweli. Angenieleza, polepole, na angenisaidia hata kutafuta jani la halali.

Nikamfuata Haika getini nikamwomba radhi kwa uongo wangu, safari hii kwa mdomo tu. Akasema yameisha. Nikamwuliza kwa nini hakuacha ushindi wake ulivyokuwa. Alifikiri kwa muda, mnamjua. Akasema alikesha akiandaa yale maswali kumi na moja ya Frank, na hakuona sababu ya kuyapoteza kwa ajili ya jani.

Hakuna zaidi ya hapo. Nimemaliza mwaka mzima nikimtafuta mtu wa kumwiga mjini, na kumbe anakaa dawati la nyuma yangu na harufu ya majani ya ng'ombe.

Njiani kurudi mama alisubiri mpaka tukafika kwenye miwa. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, kama kile kigelegele kinaweza kufutwa kwenye kumbukumbu za baraza. Nikamwambia hapana. Frank naye amepeleka ombi rasmi kwa Wakili, kwamba kesi ijayo abadilishiwe mtetezi, na aliyemtaja ni wakili wa upande uliomshinda.

Basi ndiyo hivyo. Naomba sana msicheke. Anayeona hawezi kujizuia, asinifuate mimi. Awasiliane na wakili wangu. Anaitwa Haika, na kuanzia Juni anapatikana ofisini.